Wapagazi Juu ya Mizizi

12 Novemba

Mkufunzi Zablon ametugawia madaftari ya buluu, kila mwanafunzi moja, tuandike humo shajara ya muhula: nimechora nini, nimemchorea nani, na huyo niliyemchorea ameona nini. Atayakusanya na kuyatia alama. Langu limeshapata kurasa mbili za adabu. Hili ni daftari lingine. Nimelinunua dukani kwa kina Taghreed, mwenzangu chuoni, ambao huuza vitambaa lakini madaftari hayakosi, lina jalada jekundu, na humu sitamwita mkufunzi. Humu ni Zablon tu, kama mama yake alivyomwita.

Sababu iko ukutani. Leo nilikwenda kuomba barua ya utambulisho ofisi ya kata, hapa Ipuli nilikopanga chumba, nikaikuta Kalenda ya Nyuki imetundikwa juu ya kichwa cha mtendaji. Picha kumi na mbili. Tisa ni zangu. Nilizichora likizo nzima ya mwezi wa saba, nimekaa porini na warina asali mpaka jicho moja likavimba nikawa naona nusu ya dunia. Chini imeandikwa kwa herufi nene: MICHORO NA ZABLON. Jina langu halipo hata kwenye shukrani.

Mtendaji aliniona nakodoa macho. "Huyu bwana anajua kuchora, eh? Nyuki utadhani wanatoka ukutani."

"Anajua," nikamwambia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nimeuma meno njia nzima. Nitalipiza. Sijui lini wala kwa njia gani, lakini nitalipiza, na siku hiyo nataka watu wawepo.

15 Novemba

Mvua ya kwanza. Radi zimepiga tangu adhuhuri. Bibi atakuwa anafurahi.

19 Novemba

Nilikwenda Ntalikwa kwa Bibi Mektilda. Nilimkuta amesimama mlangoni na kikapu, kama aliyekuwa akinisubiri tangu juzi.

"Mwangaluka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na viatu gani hivyo? Vua. Twende."

Baada ya radi uyoga huota, na bibi hapendi kukuta mwenzake ameshapita. Tulikwenda mpaka kwenye vichuguu vya nyuma ya shamba la baba mkubwa. Wifi yangu Eustadia alitufuata, mke wa kaka Anton, mtoto wa huyo baba mkubwa. Eustadia ameolewa huku mwezi wa tano akitoka Maswa, kwao hakuna msitu, uyoga ameanza kuujua kwenye sahani. Kaka Anton yuko Urambo kwenye tumbaku ya watu, hatarudi mpaka msimu uishe, kwa hiyo wifi anashinda na bibi.

Eustadia aliona uyoga mweupe mzuri, akauvunja kwenye shina akautia kikapuni. Bibi akautoa, akautupa mbali.

"Nikuvunje vidole wewe? Uyoga hauvunjwi. Uyoga unachimbuliwa."

Akachukua kijiti chake, akapiga magoti, akafukua taratibu pembeni mpaka uyoga mwingine ukatoka mzima. Chini una mzizi mrefu mwembamba unaokwenda kuingia kichuguuni. Ule ndio wa kula. Halafu akatupeleka chini ya mti, hatua kumi tu, akachimbua mwingine. Juu ya udongo walikuwa ndugu: kofia nyeupe, shina jeupe, hata harufu sikuona tofauti. Chini, huu wa pili hauna mzizi. Umekaa ndani ya kikombe, kama yai lililokatwa nusu.

"Huu unaua," bibi alisema. "Na hauna haraka. Unakula usiku, asubuhi ndipo unaanza kuumwa. Unaumwa, unapata nafuu, unasema asante Mungu, halafu unakufa."

Nilichora yote miwili hapohapo, nikiwa nimechuchumaa. Nilichora na udongo, na shimo, na kijiti cha bibi. Nilisahau kabisa kwamba namchukia mtu.

24 Novemba

Kuna shirika linataka bango la uyoga, libandikwe kata zote msimu huu, kwa sababu kila masika kuna watu wanakula mbaya. Zablon ameniita ofisini. Alikuwa anakula karanga na hakunikaribisha hata moja.

"Wewe ni mtu wa shamba, Gaudensia. Hii kazi ni yako. Na safari hii jina lako litakaa pale chini, wala usiwe na wasiwasi."

Nilimshukuru. Nilijichukia kwa jinsi nilivyomshukuru haraka.

3 Desemba

Kwenye daftari la buluu nimeandika: "Leo nilijaribisha michoro kwa hadhira lengwa." Yaliyotokea ni haya.

Nilikalisha wanawake saba uani kwa bibi nikawaonyesha karatasi moja moja. Nilikuwa nimeuchora ule wa kuua na alama kubwa nyekundu ya mkasi, ile X ya kukataza, juu yake. Nikawauliza wanaona nini. Wakapokezana karatasi. Mwishowe Eustadia akasema, "Uyoga na kuni mbili."

"Kuni zipi, wifi?"

"Si hizi hapa zilizopishana? Za kuupikia."

Wenzake wakakubali. Kuni, ndiyo. Nyekundu kwa sababu zimeshika moto. Yaani nilikuwa nimewachorea sumu nikawawekea na jiko. Nilicheka mpaka machozi, nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, halafu kicheko kikanikatika. Mwaka mzima Zablon anatufundisha kwamba alama ile inaeleweka dunia nzima. Hajawahi kumkalisha mtu uani akamuuliza.

Niliwaonyesha pia uyoga niliouchora mkubwa karatasi nzima. "Uyoga mkubwa hivi uko wapi?" wakauliza. Nitauwekea mkono wa mtu pembeni wajue kimo chake. Na badala ya mkasi nitamchora mtu ameshika tumbo anatapika.

Ile picha ya mzizi na kikombe waliielewa mara moja. Hakuna aliyekosea. Eustadia aliishika muda mrefu kuliko wote, akafuata mzizi kwa kidole mpaka mwisho wa karatasi.

"Bibi akisema nasahau," alisema. "Nikiona picha yako ndiyo najua."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunisifu hivyo. Alikuwa amekaa na mkono tumboni. Mimba imeanza kuonekana.

5 Desemba

Mvua. Nimechora.

6 Desemba

Mvua. Nimechora. Paa linavuja pembe ya kitanda.

12 Desemba

Nimempa mtu anayetapika sura ya Zablon. Nimempa kipara chake kinachoanzia katikati, ile mikunjo miwili ya shingo, na shati la vifungo vya dhahabu alilovaa siku ya mahafali. Macho yamemtoka. Nimeipamba hiyo picha kuliko zote, hata kamasi nimezitia mwanga.

Nilimpelekea leo. Aliitazama kwa makini, akasema, "Huyu mtu ana uhai sana. Umemtoa wapi?"

"Nimemwona mahali," nikasema.

"Vizuri. Mchoraji lazima atazame watu."

Taghreed, anayekaa meza moja na mimi na ndiye anayepanga mabango kwenye kompyuta, ilibidi atoke nje. Nilimsikia anakohoa kwa kicheko mpaka getini. Aliporudi alininong'oneza, "Wallahi utafukuzwa, we mtoto." Lakini mtu hajioni. Miaka kumi anafundisha watu kutazama na uso wake mwenyewe umempita. Leo nimelala na raha kama aliyeshiba.

20 Desemba

Zablon na wapagazi wake! Chochote kinachotoka Tabora lazima kiwe na wapagazi wa misafara: kalenda ya nyuki ilikuwa na wapagazi, cheti cha mahafali kina wapagazi, kadi ya msiba wa mlinzi wa zamani ilikuwa na wapagazi. Anasema wageni wakiona hivyo wanajua hii ni njia ya zamani, na wafadhili wanapenda. Leo ameniita mimi na Taghreed, akaweka kidole kwenye bango, chini ya uyoga.

"Hapa panaonekana pachafu. Udongo, mashimo, mizizi. Chora safu ya wapagazi, na mizigo yao na pembe za ndovu, ipite chini kote. Taghreed, wewe uipandishe, ifike kwenye magoti ya uyoga. Uyoga uonekane umesimama nyuma ya msafara. Itakuwa kazi ya sanaa."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, mwalimu, ile mizizi ndiyo bango lenyewe. Akanyanyua mkono kabla sijaanza. "Gaudensia, wewe chora. Mambo ya mpangilio tuachie sisi."

Nimechora wapagazi kumi na nane. Wana miguu mizuri. Sikudhani kweli wataipandisha kiasi hicho. Mtu yeyote akitazama ataona.

25 Desemba

Krismasi kwa bibi. Pilau, kuku, mvua. Anton hakupata ruhusa.

9 Januari

Nakala ya kwanza ya bango imetoka. Taghreed aliniletea imekunjwa ndani ya khanga isilowe. Akaniwekea mezani na kukaa pembeni akinitazama usoni.

MICHORO NA UBUNIFU: ZABLON.

Nilitafuta jina langu mbele na nyuma, hata nyuma ambako hakuna kilichochapishwa.

"Nilikuwa nimeliweka," Taghreed alisema. "Jana akalitoa. Amesema mwanafunzi hana jina mpaka ahitimu."

Niliingia ofisini kwake. Hakunyanyua kichwa. "Nani aliyekufundisha?" aliniuliza. "Mkono wako umetengenezwa na nani? Basi mkono ni wangu." Akacheka, kama vile ni mzaha wa watani.

Sikulia. Nimekuja kulia humu, na sasa nimemaliza. Mkono wangu umetengenezwa na bibi aliyepiga magoti kwenye tope. Nataka aaibike. Nataka aaibike hadharani, amevaa lile shati la vifungo vya dhahabu, na watu wote waone yeye ni mtu asiyejua kitu. Nimeandika hivi nikiwa na akili zangu timamu.

14 Januari

Leo nimepata.

Taghreed alikuwa anaandaa bango la mwisho kabla halijakwenda kuchapishwa. Wapagazi wamepanda. Wamepanda mpaka katikati ya mashina, wamesimama juu ya mizizi yote. Uyoga wa kula na uyoga wa kuua sasa vimebaki kofia mbili nyeupe na shina jeupe, ndugu, kama vile nilivyoviona kabla bibi hajatia kijiti. Maneno yanasema HUU UNALIWA na HUU UNAUA. Asiyejua kusoma anaona uyoga mweupe mara mbili. Mtu anayetapika amesukumwa kona ya mbali, hagusani na uyoga wowote, na pembeni ya ule wa kuua ule mkono niliouweka kuonyesha kimo umebaki peke yake, unaonekana kama unauchuma.

Taghreed ni mtoto wa mjini, kwao wanauza vitambaa tangu babu wa babu yake, uyoga ananunua sokoni umeshaoshwa. Aligeuza kioo cha kompyuta kwangu.

"Gaude, wewe ndiye unayejua haya mambo. Hii iko sawa?"

Nilitazama. Nilitazama vizuri sana. Nikakumbuka tarehe sita mwezi wa pili kuna uzinduzi, bango litafunuliwa kwenye uwanja mbele ya viongozi, na bwana misitu ameombwa aseme neno. Bwana misitu yule amezaliwa msituni. Ataliangalia dakika moja tu, kisha atauliza kwa kipaza sauti: mizizi iko wapi? Nani amechora upuuzi huu? Na jina lililo chini ni moja.

"Iko sawa," nikasema.

"Kweli?"

"Iko sawa, Taghreed. Peleka."

Akabonyeza. Nimetoka nje nikanunua muwa, nikautafuna wote nikiwa nimesimama mvuani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii. Siku ishirini na tatu zimebaki.

17 Januari

Kwenye daftari la buluu: "Nimejifunza umuhimu wa kumsikiliza msimamizi."

22 Januari

Mvua. Zablon ameninunulia soda. Nimeinywa.

24 Januari

Ameyakusanya madaftari ya buluu. Anaimba korido nzima. Imba, baba.

28 Januari

Taghreed kaniambia kwamba mabango yamekwisha chapishwa na Zablon hakungoja uzinduzi. Anataka siku ya sherehe aweze kusema tayari yako kwenye kata. Juzi ameyapeleka mwenyewe kwa pikipiki, na mojawapo ya kata alizoanza nazo ni Ntalikwa, kwa sababu niliitaja mimi mwenyewe kwenye daftari la buluu. Hadhira lengwa.

Nilishtuka kidogo. Nikawaza niende nikayabandue. Lakini njia imejaa maji, na nikiyabandua nitaulizwa kwa nini, na uzinduzi utakuwa umeharibika kabla ya siku. Halafu, nani Ntalikwa asiyejua uyoga? Wanawake wale wanachimbua tangu wangali mgongoni kwa mama zao. Bango lile wao watalicheka tu. Zimebaki siku tisa.

31 Januari

Bibi amepiga simu ya jirani. Eustadia.

2 Februari

Naandika niko benchi la hospitali.

Alhamisi bibi alikuwa kanisani kwenye jumuiya. Eustadia alikwenda peke yake, akitaka kumshangaza kwa mboga ya jioni. Alipitia zahanati, akasimama mbele ya bango, akalitazama kama picha yangu ya uani ilivyomfundisha: akatafuta mzizi. Hakuona mzizi. Akaona mkono unachuma. Alijua picha ni zangu, maana alimtambua bibi niliyemchora na kikapu chake pale pembeni juu. Akaenda chini ya mti, akavunja, akapika. Bibi alirudi amefunga, hakula. Eustadia alikula peke yake akashiba.

Ijumaa asubuhi alianza kutapika. Jana alipata nafuu, akaomba uji, akasema asante Mungu. Bibi aliposikia hilo neno ndipo alipoanza kupiga kelele watafute gari.

Macho yake yamekuwa njano. Wanamtilia dripu. Muuguzi amesema amewahi, kwa mtu wa uyoga amewahi sana. Mtoto hakuwahi. Ilikuwa miezi mitano.

Anton amefika kutoka Urambo na harufu ya moshi wa bani la kukaushia tumbaku, hakupitia nyumbani. Ananishika bega, ananiambia, "Asante kwa kuja, dada."

3 Februari

Bibi alinituma Ntalikwa nikamchukulie nguo. Nikabandua bango la zahanati, nikarudi nalo. Sijui kwa nini nilimpelekea. Nadhani nilitaka anipige.

Bibi hajui herufi hata moja. Alilikunjua juu ya magoti yake pale benchi, akapitisha kidole juu ya kofia, juu ya shina, mpaka kikagota kwenye wapagazi.

"Mkono huu ni wako," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Mzizi umeupeleka wapi?"

Nikamwambia ni mkufunzi aliyetaka wapagazi. Nikamwambia mengi kuhusu Zablon, kalenda, jina, soda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye hajui uyoga," bibi alisema. "Mimi nimekuuliza wewe."

6 Februari

Hakuna uzinduzi. Mabango yamerudishwa kutoka kata zote. Chuo kimeunda kamati ya watu watatu, na leo tuliitwa mimi, Taghreed na Zablon pamoja.

Alivaa lile shati la vifungo vya dhahabu. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu mwezi wa kumi na moja. Alikohoa, akasema kwa sauti ya huzuni, "Waheshimiwa, lazima niwe mkweli. Michoro yote ni ya Gaudensia. Ni binti mwenye kipaji, nilimwamini. Na mpangilio ni wa Taghreed, yeye ndiye aliyepandisha wale wapagazi akafunika mizizi. Mimi nilisimamia tu, na kosa langu ni kuwaamini vijana."

Michoro yote ni ya Gaudensia. Alilitamka jina langu mbele ya watu, kikamilifu, na katibu akaliandika. Nilichokitaka nimepewa.

Mwenyekiti akamuuliza Taghreed nani alimwagiza. Akasema mkufunzi. Zablon akatikisa kichwa kwa upole. Mwenyekiti akauliza, je, hukumwonyesha mtu anayejua uyoga kabla ya kupeleka?

Taghreed alinitazama. Muda mfupi tu, kisha akatazama meza.

"Sikumwonyesha mtu," alisema.

7 Februari

Nimemfuata dukani kwao. Mama yake, Bi Fakhria, alikuwa anapima kitambaa, akanijibu salamu bila kunitazama. Taghreed akanivuta nyuma ya majora.

"Kwa nini hukusema uliniuliza?"

"Ungekuwa wewe ungesema?" Halafu akasema, "Gaude, niambie tu. Siku ile hukuona, siyo? Ulitazama haraka ukapitiwa. Kila mtu hupitiwa."

Nikatazama majora. Akaelewa. Akanirudishia kitambaa changu cha kichwa nilichomwazima mwezi wa kumi na mbili, amekikunja vizuri, akarudi mbele kwa mama yake.

11 Februari

Mvua.

13 Februari

Mlinzi ananiambia kamati inaelekea kumfukuza Taghreed, mimi kunipa onyo, na Zablon kubaki. Tarehe ishirini ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ushahidi.

Nimetoa karatasi zangu za kwanza chini ya godoro. Mizizi iko, vikombe viko, kijiti kiko. Hizi zinathibitisha nilichora sawasawa. Haziwezi kuthibitisha nani aliamuru wapagazi wapande, maana Zablon aliagiza kwa mdomo na kidole. Daftari la buluu analo yeye, na hata hivyo mle nimeandika uongo mtupu. Mahali pekee ambapo maneno yake yameandikwa siku ileile aliyoyasema ni humu, tarehe 20 Desemba. "Ifike kwenye magoti ya uyoga." Nimeyasoma tena. Yanamnyonga.

Na kurasa chache mbele iko tarehe 14 Januari.

16 Februari

Eustadia ametoka hospitali. Amepungua, mikono imebaki vijiti, lakini macho yamerudi. Nilimkuta kwa bibi amekaa juani. Nilipiga magoti nimsalimie.

"Wifi, nisamehe," alisema.

Nilidhani nimemsikia vibaya.

"Nimekuharibia kazi yako. Anton ameniambia wanakusumbua chuoni kwa sababu yangu. Mimi ndiye sijui kusoma picha. Ulinionyesha vizuri kabisa, siku ile uani, na bado nikakosea. Mtu mwenye akili angeona."

Bibi alikuwa anachambua mchicha. Hakuacha kuchambua. Aliniachia mimi.

"Hukukosea kusoma, wifi," nilisema.

"Nilikosea. Mtoto wangu..."

"Hukukosea. Kwenye lile bango hapakuwa na kitu cha kusoma. Mimi niliona hivyo kabla halijachapishwa. Niliulizwa, nikasema liko sawa. Nilitaka mtu mwingine aaibike."

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza, "Nani?" Nikamwambia. Akafikiri kidogo, kama anayejaribu kukumbuka kama amewahi kumwona huyo mtu, kisha akasema, "Ni yule anayetapika?"

Ndiyo, wifi. Ni yule. Ukimtoa Taghreed, wewe peke yako katika mkoa mzima uliona kwamba yule ni mtu wa kweli.

Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Nilimsikia anamwambia Anton afunge mlango.

19 Februari

Mvua imeacha kidogo. Barabarani wanawake wamepanga mafungu ya uyoga, kila mmoja na mzizi wake umeelekezwa kwa mnunuzi aone. Nimepita mara mia hapo sijawahi kuuliza kwa nini wanaulaza hivyo. Ningejifunza bango zima kwao bila chuo.

Leo nimekaa na wembe mkononi. Daftari hili limeshonwa katikati, ukurasa ukiukata vizuri haujulikani. Ningebaki na Desemba bila Januari. Zablon angefukuzwa, Taghreed angebaki, jina langu lingekuwa safi. Nimewaza hivyo kwa muda ambao sioni haya kuuandika: tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Bado nataka aanguke. Nisidanganye humu, nimedanganya kwenye la buluu inatosha. Nikimfikiria pale kwenye kamati na upole wake, nauma meno vilevile kama siku ya kalenda. Lakini nikipeleka daftari lililokatwa, watauliza nani anajua kama sikulitunga jana. Nikilipeleka zima hawatauliza. Hakuna mtu anayejitungia ukurasa kama ule wa tarehe 14. Huo ndio utakaowafanya wauamini ule wa Desemba.

Kwa hiyo ataanguka, na mimi nitaanguka naye, na Taghreed hatakuwemo. Kwa Eustadia haitasaidia kitu.

Wembe nimeurudisha kwa jirani.

20 Februari

Nakwenda sasa. Karatasi za mizizi nimezifunga pamoja na daftari hili kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Ukurasa wa tarehe 14 Januari nimeukunja kona, wasihangaike kuutafuta.